Chipu Barazani, Betri Jikoni

Miaka ile ya soko huria, sisi tuliozoea kununua kilichopo tulilazimika kujifunza kazi mpya, nayo ni kuchagua. Nilikuwa mwalimu wa fizikia Tukuyu. Duka moja la vifaa vya redio mjini Mbeya lilianza kuuza chipu za kudhibiti chaji ya betri za asidi, za aina mbili, nami nilizisoma karatasi za maelezo yake kwa wiki nzima kwa ajili ya mama yangu mdogo.

Mama mdogo alikuwa mkunga katika zahanati moja upande wa Masoko. Taa ya chumba cha kujifungulia ilitumia betri iliyochajiwa na paneli ya sola juu ya bati. Betri ya kwanza ilikufa mapema mno, na kamati ya zahanati ilipompa ya pili ilimwambia wazi kwamba hakuna ya tatu. Ikifa hiyo, atarudi kuzalisha kwa kibatari.

Nilijua kilichoiua ile ya kwanza. Betri ya asidi ikiwa kwenye baridi huhitaji volti za juu kidogo ili ijae. Ikiwa kwenye joto huhitaji za chini, la sivyo huchemka na kukauka. Kidhibiti cha zamani kilikata chaji kwenye volti zilezile mwaka mzima, kana kwamba Rungwe haina baridi ya Julai. Chipu ya aina ya kwanza ilikuwa na kasoro hiyohiyo. Ya pili ilipima joto na kurekebisha volti yenyewe. Nikaichagua hiyo, nikaifunga ndani ya kisanduku cha bati, nikakipigilia ukutani barazani mwa zahanati, na betri nikaiweka chini yake.

"Mama, adui wa betri hii ni baridi," nilimweleza, nikaondoka nimeridhika.

Niliporudi baada ya miezi miwili, betri haikuwapo barazani. Waya ulipita dirishani hadi jikoni kwake, maana nyumba yake ilipakana na zahanati. Betri ilikaa kando ya mafiga, imefunikwa gunia, jirani na mkungu wa ndizi uliokuwa ukiivishwa.

"Umeihamisha, mama?"

"Si ulisema inaumwa na baridi? Mtoto akiumwa na baridi unamlaza wapi, barazani?"

Nilifungua vifuniko. Maji yalikuwa yameshuka hata sehemu ya juu ya mabamba ya risasi ikaonekana. Chipu ilikuwa imepima baridi ya baraza kwa uaminifu kamili, ikaendelea kuisukumia volti za juu betri iliyokuwa ikiota moto. Karatasi ilikuwa imeagiza kwamba chipu na betri vikae kwenye joto moja. Sentensi hiyo nilikuwa nimeipigia mstari.

"Kuna jambo jingine," nikasema. "Betri ikichaji hutoa gesi inayoshika moto. Hapa ingeweza kulipuka."

Alinitazama. "Na hilo ulilijua siku ile?"

"Nililijua."

"Haya. Na wewe ndiye msomi wetu."

Alitoka, akarudi na sanduku la mbao alilokuwa akivundikia ndizi, ndani yake limetandikwa majani makavu ya mgomba. Tuliliweka barazani, nikatoboa matundu ya kutolea gesi, kisha nikaongeza maji ya betri. Humo tukaiweka betri, na chipu nikaifunga ubavuni mwa betri. Mabamba yakishakauka hayarudi yote katika hali yake, na nilimwambia kwamba sikujua ni kiasi gani cha nguvu ya betri kimepotea.

Jumapili moja, baada ya ibada, alinifuata hadi Tukuyu.

"Ndaga, mwalimu," alinishukuru. "Juzi tumepata mtoto wa kike. Mpaka kondo la nyuma limetoka, taa bado inawaka."

Nilivuta daftari langu, nikamuuliza iliendelea kuwaka kwa saa ngapi baada ya hapo.

"Baada ya hapo niliizima," alisema. "Mama kalala, mtoto kalala. Imwakie nani?"