Walivyokwenda Nkanka Mwezi Ukiwa Mweupe

Jumamosi, katikati ya mwezi wa saba. Asubuhi vumbi tupu, wingu hata moja hakuna, na ule utusitusi wa kiangazi umefunika ziwa hata milima ya Bukavu haikuonekana. Jioni mbingu ikatakata, mwezi ukatoka mzima kama sinia.

Naandika leo leo kabla hasira haijapoa, kwa sababu najijua: ikipoa nitaanza kumtetea jirani yangu. Shule niliishia darasa la tano, basi nikipotea njia nisamehewe.

Mimi ni fundi wa cherehani hapa Kamembe. Kwa miaka mingi ndiye niliyekuwa nawapangia safari wanawake wa chama chetu, washonaji na wauza vitenge. Safari za watu wa mfuko mwepesi. Nilijua kwamba siku isiyo ya soko gari huondoka nusu tupu, na dereva atakubali bei yako. Nilijua kwamba kwenda Bugarama kwenye maji ya moto ni kiangazi tu, maana wakati wa mvua utasukuma matopeni gari ulilolilipia. Wali tulipika nyumbani, kwani chakula cha njiani ndicho kinachokula safari. Kazi hiyo haikunipa kitu ila jina: Maman Safari. Nilikuwa nalipenda hilo jina kuliko nilivyokubali mbele ya watu.

Mwaka jana jirani yangu, muuza vitenge aliyeolewa hapa kutoka Bukavu, alinivua jina hilo. Gari la Bugarama limejaa, mimi nimekaa mbele, akaniambia, "Maman, sufuria ya wali imebaki kwako." Nikashuka mbio. Niliporudi na sufuria kichwani nilikuta vumbi. Alikuwa amemwambia dereva kwamba nimeghairi. Sikusikia kwa masikio yangu. Niliambiwa na wanawake wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na maneno yao yalifanana. Wali ule niligawa mtaani mpaka watu wakaniuliza kuna msiba gani. Tangu siku ile yeye ndiye anayepanga.

Haki yake pia niiandike. Nilipofiwa na mume wangu, yeye ndiye aliyefika wa kwanza, gunia la makaa kichwani, mvua inamnyeshea. Sijasahau. Nimejaribu mara nyingi kupima gunia lile na sufuria ile, na kila mara sufuria inakuwa nzito zaidi. Labda mizani yangu ni mibovu.

Mwaka huu akatangaza safari ya Nkanka: kutazama wavuvi wakiondoka jioni, mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wanapiga makasia wakiimba, halafu kula sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, waliokaangwa palepale ufukoni. Hiyo ilikuwa safari yangu. Niliisimulia mwenyewe kwenye kikao, naye alikuwepo, anatafuna karanga. Ila mimi nilisema twende kwenye giza la mwezi, sababu sikuitaja. Yeye akachagua mwezi mpevu, ili picha zitoke vizuri.

Mimi nimezaliwa Nkanka. Sambaza hufuata taa ya mvuvi usiku wa giza. Mwezi ukiwa mweupe ziwa lote linakuwa taa, samaki hawaji, na wavuvi hufunga mitumbwi wakakaa na wake zao. Kule hata mtoto anajua. Muuza vitenge atajulia wapi?

Nilimuuliza mara moja, mbele ya wote: "Umeuliza wavuvi habari ya mwezi?"

"Maman, weye shona," akasema. "Mwezi ni wa Mungu. Hatuombi ruhusa kwa mvuvi."

Wakacheka. Walicheka wote isipokuwa bibi mmoja aliyepanga chumba kwangu, ambaye magoti yanamsumbua. Huyo nilimvuta pembeni. "Bibi, weye baki. Utaenda na mimi mwezi ukifa." Akanitazama sana, akasema, "Kumbe!" Akabaki. Waliocheka nikawaacha waende.

Leo alasiri walipita mbele ya mlango wangu, sare mpya, vigelegele. Jirani akatoa kichwa dirishani mwa gari. "Maman, leo hatukusahau sufuria!" Na kweli hawakubeba sufuria yoyote, kwa sababu aliwaahidi sambaza. Nikampungia mkono. Sijawahi kumpungia mtu mkono kwa raha kama ile.

Baada ya sala ya Ishaa gari likarudi kimya. Mmoja wao, mwenye duka la vifungo, alisimama mlangoni kwangu hata salamu hakutoa.

"Tumekula upepo! Mitumbwi yote imelala. Wavuvi wanacheza karata, wanatuuliza, 'Bamama, mumevaa hivi, arusi ya nani?' Tunawaambia tunataka sambaza. 'Sambaza? Mungojee mwezi ufe!' Walicheka mpaka karata zikawaanguka."

Akaenda zake. Kidogo akaja jirani mwenyewe, viatu mkononi.

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Juu ya nini hukusema?"

"Niliuliza. Ukaniambia nishone."

"Uliuliza, hukusema."

Hapo alinishika. Ni kweli, kuuliza si kusema. Nikafikiri, nikamjibu, "Na weye mwaka jana ulijua nimekwenda wapi, na nani amenituma."

Akatazama viatu vyake. Nilingoja aseme neno moja tu, pole. Hakulisema. Akasema, "Bamama banataka safari ya mwezi ukifa upange weye."

"Njo vile," nikakubali, na nilihisi jina langu likirudi mwilini kama nguo iliyotoka kufuliwa.

Angeondoka hapo ningelala vizuri. Lakini bibi alikuwa ameshapakua, na kwetu mtu akikukuta na chakula mkekani humwachi mlangoni. Nikamwambia karibu. Alikuwa na njaa, akaketi.

Tulikula ugali wa muhogo, mboga ya lengalenga, na sambaza wakavu niliowanunua giza lililopita nikawatunza kwa ajili ya jioni hii. Fungu kubwa nilimpa yeye, nikamtazama akila mpaka kichwa cha mwisho.