Bunduki Nyepesi kwa Mkono Uliochoka

Jumapili moja, baridi ikiwa inaanza kulegea, rafiki yangu aliangusha bunduki yake msituni. Ni msitu ulio nje kidogo ya Birmingham ambako watu huenda kucheza vita vya rangi, mchezo wa kupigana kwa vidonge vya rangi badala ya risasi. Mtu kuangusha bunduki kule si ajabu. Matope yanateleza, na ukijikwaa kwenye mizizi unatupa ulichoshika ili uokoe meno yako. Lakini yeye alikuwa amesimama tu. Tulikuwa tukingoja filimbi ya refa, mitungi ya hewa imejaa, vidonge vya rangi vimejaa kwenye chombo chake juu ya bunduki, mara nikasikia kishindo. Akaitazama pale chini kama mtu anayeangalia kitu cha mwenzake.

"Yaya," akaniambia, "bunduki iko nzito leo."

Kwetu Kenya yaya ni msichana anayelea watoto wa watu. Kwao Uvira, mashariki mwa Kongo, ni ndugu mkubwa. Mwanzoni nilicheka kila aliponiita hivyo, halafu nikazoea. Sasa hakuna mtu mwingine aniitaye hivyo.

Tulikutana katika msitu uleule miaka kadhaa kabla. Mimi ni Msomali niliyekulia Isiolo, dereva wa basi, na mchezo huu nilifundishwa na wenzangu wa kazini mara tu nilipofika Uingereza. Yeye alikuwa ameletwa na wafanyakazi wa ghala alikokuwa akipakia mizigo. Niliviringisha mwili nyuma ya mapipa, nikafyatua, nikasikia mtu upande wa pili akilia kwa Kiswahili, "Mama weee, bamenimaliza!" Nikasahau kujificha. Nikasimama kumwuliza wewe ni wa wapi, na mwenzake akanipaka rangi ya chungwa kifuani. Ndivyo undugu wetu ulivyoanza, wote wawili tumetolewa mchezoni, tumeketi kwenye benchi la wafu tukinywa chai ya maziwa katika vikombe vya karatasi.

Mkewe hakuupenda mchezo huu hata siku moja. Nilipokwenda kwao Perry Barr mara ya kwanza, alinipikia samaki kwa fufu, ugali wao wa muhogo, akaningoja nishibe, kisha akasema, "Shemeki, tulikimbia bunduki, batoto mu mugongo. Sasa yeye anatoa feza yake juu ya kupigwa tena. Weye unamuelewa?"

Mumewe ndiye aliyejibu, akiwa bado anachambua miba ya samaki.

"Huku mutu akipigwa ananyanyua mukono, anatoka, anaenda kunywa chai. Wafu banakunywa chai, mama. Kule kwetu sikuona hata mumoja mwenye alirudi kunywa chai."

Mkewe akaondoa sahani. Hawakubishana tena mbele yangu, na kila Jumapili ya mchezo, baada ya ibada, alimfungashia maandazi ya kutosha watu wawili.

Baada ya siku ile ya kuangusha bunduki, nilianza kumtazama. Alishika usukani kwa viganja badala ya vidole. Alimwachia binti yake afungue chupa ya maji. Aliponipa mkono, ule mkono ulikaa ndani ya wangu kama umewekwa. Hospitali walimpima kwa muda mrefu, wakamrudisha, wakampima tena, na mwishowe wakamwambia kwamba ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ile inayoamrisha misuli. Dawa ya kuuponya hakuna. Utaanza mikononi, walimwambia, kisha utatembea mwili mzima.

Aliniambia habari hiyo kwenye maegesho ya magari, tukiwa tumekaa ndani ya gari langu na mvua inanyesha. Hakulia. Alisema tu, "Nitafutie bunduki nyepesi, yaya. Ile yangu sitaiweza tena."

Ile yake ilikuwa ya chuma tupu, ya kizamani, isiyo na betri wala umeme. Kuifyatua kulitaka kidole cha mpakia mizigo. Aliipenda kwa sababu haikuwahi kumgomea, mvua au theluji.

Katika klabu yetu mimi ndiye huulizwa bunduki ipi ni nzuri. Nimecheza muda mrefu, nimevunja nyingi, na nimezifungua nyingi mezani kwangu Sparkbrook huku mke wangu akilalamika kwamba nyumba inanuka mafuta ya kulainishia. Kwa hiyo nilikwenda dukani nikaomba kujaribu bunduki moja ya umeme, nyepesi, ambayo vijana walikuwa wakiisifu. Muuzaji akanipeleka uwanja wa nyuma penye shabaha.

Nitasema nilichokiona, kwa haki. Nilipoipokea mkono ulipanda juu wenyewe, kwa sababu ulikuwa umejiandaa kwa uzito ambao haukuwepo. Mwili wake ni wa plastiki ngumu, mtutu mwembamba, na hata ukiifungia mtungi wa hewa haikuvuti chini. Triga yake si ya kuvuta, ni ya kugusa. Ndani kuna swichi ndogo; kidole kikiigusa, betri inafanya kazi iliyobaki. Kuna pia jicho dogo la umeme linaloangalia kama kidonge kimeingia mahali pake, na kisipoingia bunduki inakataa kufyatua, isije ikakikata katikati. Sauti yake ni ndogo, kama mtu anayebisha mlango kwa adabu.

Kasoro zake pia nilizitazama. Wepesi unaponza. Ukifyatua haraka mtutu unapanda juu, na kidonge cha tatu kinawaendea ndege mitini. Betri haipendi baridi. Kidonge kikipasukia ndani, lile jicho linapakwa rangi na bunduki inakuwa bubu mpaka uifungue uisafishe. Mtu mwenye mikono yake kamili ningemwambia aitafakari mara mbili. Mimi mwenyewe nisingeichukua.

Kisha nikaweka kando mikono yangu. Nilikaa chini, nikalegeza vidole, nikaacha kiganja kilale wazi, nikaipakata bunduki gotini kama rafiki yangu anavyopakata kikombe. Nikajaribu kufyatua kwa ubavu wa kidole, bila nguvu yoyote. Ikafyatuka. Nikajaribu tena nikiwa nimefumba macho. Ikafyatuka. Muuzaji akaniuliza kama niko sawa, maana nilikuwa nimebaki pale chini, bunduki gotini, siinuki.

Niliichukua siku hiyohiyo, nikampelekea Perry Barr. Binti yake mkubwa alinifungulia mlango. Huyo amekulia hapahapa. Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Nilimwambia, "Mwite baba, nimemletea zawadi," naye akajibu kwa Kiingereza chake cha Birmingham kwamba baba yuko mezani, mama anamlisha. Alilisema hilo kama anavyosema mvua inanyesha. Alikuwa ameshazoea, na mimi bado.

Tuliiweka bunduki mezani baada ya sahani kuondolewa. Kuna skrubu ndogo inayolegeza triga. Niliizungusha mpaka mwisho, hadi bunduki ingeweza kufyatuka kwa pumzi. Akaweka kidole. Tik. Haikuwa na hewa wala vidonge, ilikuwa tik tu ya umeme. Akafanya tena. Tik, tik, tik. Akaanza kucheka, na binti yake akacheka, na mkewe aliyekuwa akiosha vyombo akageuka kuona kinachochekesha. Alipotambua kwamba ni bunduki, alijipangusa mikono polepole. Nilidhani atanifukuza.

"Anaweza kuishika?" aliniuliza.

"Anaweza, shemeji."

"Basi aende," akasema. "Aende mbele ya baridi ifike."

Tulikwenda mwanzoni mwa vuli. Nilizungumza na refa mapema, mwanamke wa makamo asiyependa mzaha, akakubali rafiki yangu acheze akiwa ameketi. Tulimletea kiti cha kukunja akakikataa. Alitaka ardhi. Tukamkalisha nyuma ya gogo kubwa lililoota ukungu, mgongo wake kwenye mti, bunduki juu ya gogo, nikamfunga barakoa mwenyewe nikihakikisha mikanda haimbani masikio.

Upande wa pili walikuwa vijana waliokuja kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mwenzao. Hawakujua lolote kumhusu, na yeye alitaka iwe hivyo. Filimbi ikalia. Wakaja mbio wakipiga kelele, na rafiki yangu akawangoja. Alikuwa mchezaji wa subira siku zote. Jitu moja lenye ndevu lilipotokeza kati ya miti miwili, nilisikia ile sauti ndogo ya adabu, na doa la buluu likachanua tumboni mwa jitu. Akapiga wa pili begani. Mtutu haukupanda juu, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kufyatua haraka; alikuwa akipiga kimoja kimoja. Kasoro niliyoiona dukani, kwake yeye haikuwa kasoro. Nilikuwa nyuma ya mti wa jirani, na nilimsikia akiimba chinichini ndani ya barakoa.

Halafu akapigwa. Kidonge cha kwanza kilimpata kifuani, rangi ya manjano. Kanuni ni moja: ukipigwa unainua mkono, na hapo hakuna anayekugusa tena. Niliuona mkono wake wa kulia ukijaribu. Bega lilipanda kidogo, kiwiko kikatikisika, mkono ukabaki juu ya gogo. Akapaza sauti, lakini sauti nayo ilikuwa imeanza kumpungukia, na barakoa ikaimeza iliyobaki. Wale vijana waliona mtu aliyepigwa ambaye hataki kutoka. Katika mchezo wetu huyo ni mwizi. Wakammiminia vidonge.

Sikumbuki kama nilitupa bunduki yangu au niliiweka. Nakumbuka nimepiga magoti mbele yake, mgongo wangu kwao, vidonge vikinipasukia shingoni na mbavuni, nami napiga kelele, "Ametoka! Ametoka!" kwa Kiswahili, mahali ambapo hakuna aliyekielewa ila yeye. Nikakishika kiganja chake, nikauinua mkono wake juu ya vichwa vyetu vyote viwili, nikaushikilia pale. Refa akapuliza filimbi akapuliza tena. Msitu ukanyamaza.

Yule kijana mwenye ndevu, aliyekuwa ameshatolewa, ndiye wa kwanza kufika. Aliona vile mkono ulivyolala katika mkono wangu, akaelewa. Akasema samahani mara nyingi. Wakambeba wao, vijana wanne, kwa upole, kama wanabeba bwana harusi, mpaka kwenye benchi.

Kwenye gari, tukipita taa za barabara ya kurudi mjini, nilitaka kumwomba radhi kwa siku ilivyoharibika. Akanitangulia.

"Niliogopa kama nitaogopa," alisema, maneno yakitoka mazito. "Unajua, banakupiga na huwezi kusogea. Nilisema leo itarudi yote, ya kule Uvira. Haikurudi, yaya. Nilikuwa nakungoja tu."

Niliwasha kipangusio cha kioo, na mvua haikuwa ikinyesha.

Ugonjwa ulitembea kama walivyosema madaktari, ila kwa mwendo wa haraka zaidi. Majira ya baridi aliacha kusema. Nilikuwa napita kwao nikitoka zamu, bado na sare ya basi, nakaa kando ya kitanda walichokiweka sebuleni karibu na dirisha, namsimulia nani kampiga nani msituni. Alijibu kwa macho. Siku moja nilimdanganya kwamba nimempiga refa kwa bahati mbaya, na macho yake yakacheka mpaka mkewe akaja kumfuta machozi.

Alifariki asubuhi, watoto wakiwa shule. Matanga yalifanyika katika ukumbi wa kanisa lao, kwaya ikiimba bila kupumzika, wanawake wakigawa chai na mikate. Nilikaa safu ya nyuma na kofia yangu ya swala mfukoni, mpaka mkewe akanifuata akanishika mkono mbele ya watu wote, akanikalisha na ndugu wa marehemu. "Huyu ni yaya yake," aliwaambia, na hakuna aliyeuliza mengine. Jeneza lilipopita, binti yake mkubwa aliliegemea akasema maneno kwa Kiswahili, maneno mafupi, ya kumuaga baba. Yalikuwa ya kwanza ya Kiswahili kuyasikia kutoka kwake. Sitayaandika hapa, ni yake.

Bunduki mkewe alinirudishia kwenye mfuko wa dukani. Hakutaka ikae ndani ya nyumba yenye watoto, na sikumlaumu. Niliitia betri mpya, nikasafisha lile jicho, nikaibana skrubu ya triga irudi ilivyokuwa ilipotoka kiwandani. Hilo lilinichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe inavyotaka.

Aliyeichukua ni mwanamke mmoja wa Alum Rock, anayeanza mchezo pamoja na dada zake. Aliigeuzageuza akashangaa wepesi wake, akaniuliza kama ni nzuri kweli. Nikamwambia ni nzuri, asiiache kwenye gari wakati wa baridi, na asikimbilie kufyatua. Akauliza kwa nini mwenyewe haitaki. Nikamwambia mwenyewe alikuwa ndugu yangu, amefariki. Akasema innalillahi, akaishika kwa mikono miwili, akaenda nayo kituo cha basi.