Mguu wa Mwanapili

"Mguu sikuuinua, Baba Chiku! Uliniambia shikilia, nikashikilia mpaka goti likafa ganzi. Leo wanisingizia mimi mbele ya watu?"

Ndivyo alivyopiga kelele Mwanapili uani kwake Msambweni, Julai ya mwaka 1956, nasi majirani tumesimama na ndoo zetu tukijifanya hatusikii. Mumewe, Mbwana, alikuwa dereva wa lori la mbata la Mzee Chirau. Alfajiri ya siku ile alikuwa amelitumbukiza mtaroni kwenye mteremko wa kutoka Kwale. Hakufa mtu, lakini magunia ya nazi kavu yalipasuka, na tajiri wake alitaka kujua breki zilikwenda wapi. Mbwana akamjibu, "Jana tulitoa hewa kwenye breki, na mke wangu ndiye aliyenikanyagia. Miguu ya wanawake, mzee, waijua."

Kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja hulala chini penye gurudumu na spana yake. Mwenziwe huketi juu, akakanyaga pedali mara tatu nne, kisha akashikilia. Wa chini hulegeza skrubu, mafuta yakatoka na mapovu yake, halafu hukaza, ndipo husema, "Achia." Wa juu akiachia mapema, hewa hunyonywa tena ndani, na pedali ikawa laini kama godoro.

Kwa miaka tisa, huyo wa juu alikuwa Mwanapili. Na kwa miaka hiyo tisa lori lile halikumpeleka hata Ukunda. Alipofiwa na mamake Gazi alikwenda kwa miguu, maana Mbwana alisema tajiri hataki abiria. Shukrani yake ndiyo ile: kisimani wanawake wakawa wanamwambia, "Shoga, kamba usiishike wewe, utatuachilia ndoo!"

Siku ya nne baada ya ajali, lori limekwisha kuvutwa nyumbani, Mbwana alitoa mafuta yote ya breki, akayaacha katika gudulia chini ya upenu. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kusi. Mwanapili alichukua chupa yake ya mafuta ya nywele, akakuta yameganda, kama ilivyo kila mwaka mwezi huo. Jicho likaangukia gudulia. Juu ya mafuta ya breki palikuwa na utando mweupe, mzito kama samli. Akachovya kidole, akanusa, akaniletea nami ninuse. Nazi tupu.

Mafuta ya breki yalikuwa yamempungukia Mbwana, naye akaona uvivu kwenda kutafuta mengine, akajaziliza ya nazi. Mchana na joto, gari likapanda Kwale salama. Usiku likalala nje kwenye baridi ya mlimani, mafuta yakaganda ndani ya vibomba. Mwanamume aliyepakwa mafuta ya nazi tangu kuzaliwa, asijue kuwa yanaganda!

Mwanapili alimwekea gudulia mbele yake. Mbwana akasema, "Nyamaza, Mama Chiku. Tajiri akijua, nafukuzwa. Tutakula nini?"

Akanyamaza miaka miwili. Sikumsifu kwa hilo, wala leo simsifu. Lakini pedali hakuikanyaga tena. Mbwana akawa anafanya peke yake: anavika mpira mwembamba kwenye skrubu, ncha ya pili anaizamisha katika chupa yenye mafuta ya breki, ili pedali ikirudi inyonye mafuta, isinyonye hewa. Apande akanyage, ashuke atazame, apande tena. Siku nzima inakwisha.

Mwaka 1958, alasiri moja, mpira ule ulipasuka. Mzee Chirau alikuwa amesimama pale pale, mbata imekwisha kupakiwa, inatakiwa Likoni jioni hiyo hiyo.

"Mwite mkeo akukanyagie."

"Hataki, mzee."

Mwanapili akatoka mlangoni. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona humsaidii mumeo?"

"Mguu wangu mwepesi, mzee. Si ndivyo alivyokwambia? Aseme alitia nini kwenye breki mwaka ule. Akisema, nakanyaga."

Mbwana alikuwa uvunguni, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Sauti ikatoka kule chini.

"Nilitia mafuta ya nazi, mzee. Yakaganda. Yeye mguu hakuuinua."

"Sema kwa nguvu," akasema Mwanapili. "Majirani hawajasikia."

Akarudia kwa nguvu. Tulisikia sote.

Mzee Chirau aliangua kicheko mpaka akajishika kwenye bodi ya lori. "Mafuta ya nazi! Ulitaka kukaanga magurudumu? Haya, haya, fanyeni upesi, jua linakwenda."

Ikawa basi. Hakumfukuza mtu, wala hakuna aliyemwambia Mwanapili pole. Miaka miwili amemeza shubiri kwa kuogopa kicheko cha dakika moja. Alimtazama yule mzee, akamtazama kila mmoja wetu pale uani, nami nikainamisha macho. Kisha akakaza kanga yake, akapanda, akakanyaga mara nne, akashikilia. Neno alilokuwa akimdai mumewe alikuwa amelipwa.