Dawa ya Kupaka na Oili Chafu

Mimi ni mtu wa kushuku. Miaka ishirini ya kusimamia mitihani ya shule ya msingi imenifundisha kwamba mtoto anayetazama dari hatafuti jibu darini. Kwa hiyo daktari wa mifugo aliponipa tyubu ya dawa ya mbwa bila boksi, niliigeuza nikasoma tarehe ya mwisho wa matumizi mara mbili, mbele yake. Nikamuuliza boksi liko wapi. Akasema lililowa na mvua. Sikumwamini, lakini mbwa alikuwa ananuka, na hapa Buswelu sikumjua daktari mwingine wa wanyama.

Mbwa mwenyewe hakuwa wangu. Alikuwa wa baba mkwe, mvuvi wa dagaa kutoka upande wa Mara, na alikuja naye siku tuliyomleta mzee hapa Mwanza kutibiwa. Mzee alifia chumba chetu cha nyuma. Mama mkwe akabaki kwetu, na mbwa akabaki, analala kwenye mlango wa mama kama alivyokuwa akilala kwenye mlango wa mzee.

Mwaka uliofuata, mvua zilipokolea, mbwa akatoka vipele vya usaha tumboni na mapajani. Manyoya yakapukutika, ngozi ikawa nyekundu, na alipojikuna usiku mlango mzima ulitikisika. Jirani mwenye watoto wadogo alianza kulalamika. Mume wangu anafanya kazi Geita na huvuka daraja la Busisi kuja nyumbani kila baada ya wiki mbili. Akaniambia kwenye simu, "Nikirudi nikamkuta hivyo, namwita mtu amchome sindano alale moja kwa moja. Mama atalia siku mbili, yataisha." Mimi nilimjua mama yake kuliko yeye. Yasingeisha.

Masharti ya daktari yalikuwa mepesi kuyasikia. Asubuhi na jioni nimwoshe kwa sabuni ya dawa, niache povu likae dakika kumi, nisuuze, nikaushe, ndipo nipake dawa penye vidonda, na mbwa asijilambe wala asipakwe mafuta ya aina yoyote. Nilikata kitako cha ndoo kuukuu nikamvisha shingoni, akawa anagonga kila kitu uani kama mlevi. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda chake akichambua dagaa, akatazama yote hayo.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

"Dawa, mama."

"Imetoka wapi?"

"Kwa daktari wa mifugo."

"Mh," akasema, akarudi kwenye dagaa wake.

Siku ya nne mbwa alikuwa na hali mbaya kuliko siku ya kwanza. Vidonda vilikuwa vimechubuka, na maji ya kumwogeshea yalitoka meusi. Kwanza nilimlaani daktari na boksi lake lililolowa. Nikatia alama ya kalamu nyekundu kwenye tyubu nione kama kuna anayeichezea. Kisha nikainama nikamnusa mbwa, na nikaijua harufu ile. Ilikuwa oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwenye injini.

Pembeni ya nyumba yetu kuna fundi pikipiki, na fundi huyo alishawahi kumpiga mbwa wetu teke. Sikuhitaji ushahidi mwingine. Nilimfuata na aproni yangu, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba nitampeleka kwa mwenyekiti wa mtaa.

"Mwalimu, shikamoo kwanza," akasema. "Mimi mbwa wako sijamgusa."

"Na oili?"

Akatazama juu, kwenye mabati. Nikarudi nyumbani nimeridhika kwamba nimempata mkosaji, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Kesho yake, saa nne, watoto walipokuwa wanakunywa uji shuleni, niliomba ruhusa nikarudi nyumbani ghafla. Nilipita mlango wa nyuma kimyakimya, nikijisifu. Uani nilimkuta mama mkwe amekaa chini, amenyoosha miguu, mbwa katulia katikati ya magoti yake bila ndoo shingoni. Kwa kitambaa na maji ya moto alikuwa anaifuta dawa yangu ya asubuhi, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto tongotongo. Pembeni yake kulikuwa na kopo la majani ya chai limejaa oili nyeusi. Alikuwa anamsemesha mbwa kwa Kijita.

"Mama! Unamuua mbwa!"

Hakushtuka. Alichovya vidole kwenye kopo.

"Mimi ndiye nimuue? Kule kwetu ziwani mbwa wote wa mwaloni tunawapaka oili ya mashine za mitumbwi, wanapona. Wewe na dawa zako za dukani ndio mnaua."

"Daktari alinikataza oili kabisa! Inaunguza ngozi, na akiilamba ni sumu."

"Daktari." Alilitamka kama jina la mtu aliyemwibia. "Mzee wangu ulimpaka dawa ya daktari mgongoni, siku zote zile. Kila nikikuuliza, unasema anaendelea vizuri. Mimi nilikuwa namnusa, binti. Alikuwa anaoza chini ya mafuta yako, na wewe unasema anaendelea vizuri. Ulimpaka nini mume wangu?"

Nilisikia aibu mpaka miguuni. Mwaka mzima mwanamke huyu alikuwa amekula chakula changu akiamini kwamba nilimuua mumewe. Na ubaya ni kwamba aliposhuku, alishuku pazuri. Dawa ile ilikuwa ya haki, ya vidonda vya kulala kitandani muda mrefu. Lakini hospitali walishatuambia kwamba mzee hatapona, nasi tulimficha mama. Kwetu habari kama hiyo wanaambiwa watoto wa kiume. Mke wa mgonjwa huambiwa aendelee kupika uji. Mume wangu alisema tumfiche, nami nikaficha, nikaona ni wema.

"Hakuwa anaendelea vizuri, mama," nikasema. "Tulijua. Tulikuficha."

 Vidole vyake vilikuwa bado vyeusi hewani. Mbwa alinyanyua kichwa akamtazama.

"Na huyu?" akauliza mwishowe.

"Daktari anasema atapona kwa dawa. Mimi sijui kama ni kweli. Sikupewa hata boksi."

Nadhani ni hilo boksi lililonisaidia. Alinitazama muda mrefu, akafuta mikono yake, akasema, "Lete hiyo dawa. Jipake wewe kwanza."

Nilijipaka mkononi, kuanzia kwenye kiwiko. Nilirudi darasani nikinuka dawa ya mbwa. Jioni akaukagua mkono wangu, asubuhi akaukagua tena kwenye mwanga wa mlango, akaubonyeza. "Paka," akasema.

Kuanzia hapo tulifanya wawili. Kwanza tulimtoa oili yote kwa sabuni ya vyombo. Kisha kila asubuhi na jioni nilijipaka mimi, akaona, ndipo nikampaka mbwa. Yeye alishika kichwa na kuhesabu dakika kumi za povu kwa wimbo wa kanisani wenye beti sita. Nilikuwa nachungulia saa yangu kwa siri. Wimbo ulikuwa unazidi kidogo, haukupungua hata siku moja.

Mume wangu alipofika, vidonda vilikuwa vimekauka na vinyoya vimeanza kuota kama ndevu za mvulana. Alimnusa mbwa, akamnusa tena. "Mmempaka nini?" Tukamwambia dawa. Kwa fundi pikipiki nilikwenda mwenyewe kuomba radhi, akacheka akasema bibi alimwapisha asitaje nani anachukua oili kwake.

Mwaka huu mama mkwe ametoka kidonda mguuni, kile cha ugonjwa wa sukari. Juzi hospitali daktari alimwita mume wangu pembeni, nami nikawaona wote wawili wakitazama sakafu. Ndani ya gari mume wangu akaninong'oneza, "Mama asijue."

Jioni nilikwenda chumbani kwake na dawa. Mbwa alinipisha mlangoni. Nilifungua tyubu na, kwa mazoea, nikajipaka kwanza mkononi. Mama aliutazama mkono, kisha akanitazama usoni.

"Kitapona?"

"Wanasema huenda kisipone, mama. Wanasema huenda wakaukata mguu."

Mume wangu alikuwa amesimama koridoni, nilimsikia akivuta pumzi.  Mama akaunyanyua mguu kwa mikono miwili, akauweka mapajani mwangu.

"Haya," akasema. "Paka."