Anayemimina Huonja Kwanza

Mwanangu alikuwa Rebero kwa bibi yake, na mimi nilikuwa Gitega, hapa hapa Kigali, na mume wangu, ambaye hunywa kuliko mimi. Nalisema hilo mapema lisije likasahaulika. Yeye akilewa, watu husema kazi imemchosha. Mimi nililala mlangoni mara moja, mtoto mgongoni, na kulipokucha mama mkwe akaja na teksi kumchukua.

"Utamchukua siku utakapopona," alisema.

Majirani walipouliza, aliwaambia mjukuu amekuja kumchangamsha.

Muuguzi wa kituo cha afya aliniambia nitafute kikundi cha wanaoacha pombe. Nikauliza kikundi mtaani, nikaona aibu kutaja cha nini, na mama muuza mkaa akanielekeza kwa moyo mmoja: watu waaminifu, wanakutana kila Jumapili. Kilikuwa kikundi cha akiba, na kilikutana nyuma ya baa. Mwenyekiti wao alinivutia kiti, akauliza, "Dada, tukuanzishie nini?" Nilitoka bila kumjibu, maana jibu nilikuwa nalo.

Dereva wa moto, pikipiki ya abiria, aliyenibeba pale nje alinitazama kwenye kioo chake.

"Dada, umetoka baa unalia na hujalewa. Abiria wa hivyo sijawahi kumpata."

Nilimweleza kwa ukali, kama vile yeye ndiye aliyenielekeza pale. Akacheka. "Kumbe unatafuta kile cha kwetu." Akageuza pikipiki, tukaenda Nyamirambo.

Walikutana kwenye chumba nyuma ya duka la fundi cherehani. Kiongozi alikuwa mama wa Kitanzania anayeuza vitenge. Waliobaki wote wanaume. Walizungumza Kiswahili cha kila namna, cha Kongo, cha Tanzania, na hiki chetu cha Kigali. Yule mama alimimina chai kikombeni, akaionja, ndipo akanipa.

"Si kwenu anayemimina bia ya ndizi huonja kwanza, mgeni ajue haina sumu? Mimi nimeihamishia kwenye chai. Kunywa, mwanangu. Kilichomo ni tangawizi tu."

Siku ile nilisikiliza tu. Nilikaa nimekunja mikono. Hakuna aliyeniombea, hakuna aliyenionea huruma, kwa hiyo nilirudi Jumapili iliyofuata, na nyingine. Niliposema, nilisema la hasira: mume anakunywa, nami ndiye niliyenyang'anywa mtoto.

"Unataka mtoto au unataka haki?" yule dereva aliuliza.

"Vyote."

"Anza na mtoto. Haki haiamki usiku kuomba maji."

Nilimchukia kwa maneno hayo wiki nzima. Lakini sikunywa.

Miezi ikapita. Kila nilipokwenda Rebero, mama mkwe alininusa wakati wa kukumbatiana, kisha akasema, "Bado kidogo." Halafu shemeji yangu akapata mchumba, na wazee wa upande wa binti wakaalikwa nyumbani Rebero. Sebule ilijaa. Mama mkwe akaniita jikoni, akanipa mtungi mdogo wa bia ya ndizi na kibuyu cha kunywea.

"Mke wa mwanangu mkubwa ndiye anayewahudumia wakwe. Usituaibishe."

Mpaka leo sijui kama alisahau au alinipima. Nisipoonja, nimewatukana wakwe. Nikionja, mtoto anabaki. Mume wangu alikuwa sebuleni karibu na dirisha, chupa yake mkononi, akiangalia simu.

Nilimmiminia mzee wao wa kwanza, nikampa kwa mikono miwili. Sikuonja. Mzee akatazama ndani ya kibuyu, kisha akanitazama mimi.

"Mwanetu, hii iko na nini, hata wewe unaiogopa?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

"Bia haina kitu, mzee. Mwenye kitu ni mimi. Nikionja tone, nitamaliza mtungi. Nahudhuria kikundi Nyamirambo kwa ajili hiyo."

Mume wangu aliinua macho kutoka kwenye simu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mzee alikohoa.

"Basi aonje aliyeitengeneza. Mimi nina kiu."

Mama mkwe alisimama, akachukua kibuyu, akaonja, akampa. Mazungumzo yakarudi polepole, kwenye ng'ombe, kwenye tarehe ya harusi. Hakuna aliyeondoka.

Jikoni mama mkwe alinikuta nasuuza mtungi.

"Umenivua nguo mbele ya wakwe."

"Ndiyo, mama."

"Unafikiri kwa nini nilimchukua mtoto? Nilikuwa nakuficha. Mji wote usijue." Alifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. "Sasa nibaki naye ili nifiche nini?"

Sikumsaidia. Nilikuwa na maneno ya miezi yote hiyo, na yote yalimhusu yeye na mwanawe aliyekaa kule dirishani. Niliendelea kusuuza. Binti yangu alikuwa chini ya meza, akimlisha mwanasesere maganda ya viazi.

"Nguo zake ziko kwenye kamba," mama mkwe akasema mwishoni. "Zimefuliwa mchana huu. Ngoja zikauke."

Nilitoka nje, nikazianua mbichi, nikazifunga kwenye kitenge. Mtoto mgongoni, nguo kichwani, maji yakinichuruzika shingoni, nikasimamisha moto.