Ngumi ya Kurudi Nyuma

Maharage makavu yakipigwa hutoa vumbi lenye harufu ya udongo na majani ya zamani, harufu inayokwaruza koo kabla hujapiga chafya. Nyumbani kwetu Kansay tulikuwa tunayapiga juu ya turubai la bluu, mimi msichana na kaka zangu wawili, kila mtu na fimbo yake. Mwaka wa mvua nzuri kazi hiyo ilichukua wiki mbili. Mwaka ninaousema ilichukua siku tatu tu, maana mvua zilikuwa zimetukimbia, na ndani ya siku hizo tatu nilifanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu, naweka kalamu chini. Msiniambie nilikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na akili zangu timamu.

Paskali, mkubwa wetu, alikuwa na miaka kumi na mitano na yuko darasa la saba, mtihani uko mlangoni. Damiano alikuwa na kumi na mitatu, mwembamba, mwenye pumu iliyofanya kifua chake kipige mluzi vumbi likizidi. Wawili hao walibishana mwaka mzima juu ya jambo moja: bingwa wa dunia wa uzito wa juu wa zamani na yule wa sasa wakikutana ulingoni, nani atamlaza mwenzake? Bingwa wa Damiano alikuwa yule wa zamani, wa babu. Babu yetu, tuliyemwita Aako kwa lugha yetu ya Kiiraqw, alikuwa kibarua kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani enzi za ujana wake, na mapambano aliyasikia kwenye redio ya nyapara. Hakuwahi kumwona bingwa wake hata kwenye picha, lakini ukimkuta amekaa vizuri alikusimulia kila konde mpaka ukajikuta unainamisha kichwa likupite. Bingwa wa Paskali tulimwita Shingo, kwa kuwa shingo yake na kichwa vilikuwa na upana mmoja. Huyo Paskali alimwona kwa macho yake kwenye kibanda cha video Karatu mjini, akiwalaza watu kabla mtazamaji hajakaa sawasawa kwenye benchi.

"Huyo wenu ni wa kusimuliwa tu," Paskali alikuwa akisema. "Shingo anammaliza raundi ya pili, watu wakanywe chai."

"Thubutu! Atampatia wapi? Yule hakai mahali pamoja!"

Ili wasipigane wenyewe tukatunga sheria. Mapambano yangefanyika wakati wa kazi, na mtangazaji ni mimi, kwa sababu nilijua kuiga watangazaji wa mpira na kwa sababu, walivyodhani, sikuwa na upande. Bingwa hakuruhusiwa kupiga ngumi isiyo na shahidi. Za Shingo shahidi wake alikuwa Paskali aliyeziona. Za yule wa zamani shahidi alikuwa Aako aliyezisikia, nami ndiye niliyetumwa kwake kuziuliza nikimpelekea uji. Na bingwa akianguka, anayehesabu mpaka kumi ni shabiki wake mwenyewe. Sheria hiyo aliitunga Paskali. Alisema mtu akijihesabia kushindwa kwake hawezi kuja kulalamika baadaye.

Basi mwaka huo wa ukame ukaleta habari mbaya. Baba alikuwa ameweka ng'ombe wake kwa rafiki yake wa Kimasai kule Kakesio, na yule rafiki akatuma ujumbe kwamba malisho yamekwisha, mifugo inahamishwa mbali, apelekewe kijana mmoja wa kusaidia kuchunga mpaka mvua inyeshe. Baba hakuzunguka. Alitukalisha chini akasema, "Mmoja wenu ataenda. Kaeni mwelewane wenyewe. Jumamosi nikirudi kutoka mnadani nataka jina moja. Mkinisumbua nitachagua mimi, na hapo asinililie mtu." Sote tulimjua baba akichagua kwa hasira. Paskali hakutaja mtihani wake. Damiano hakutaja kifua chake. Wavulana wa kwetu walikuwa hivyo, mtu anaona afadhali afe kuliko kuomba aonewe huruma. Asubuhi ya Alhamisi Paskali akaokota fimbo, akakanyaga turubai, akasema, "Wapigane. Ambaye bingwa wake atalala, ndiye anakwenda." Damiano akakubali, ila akataka raundi kumi na tano kama enzi za babu, si kumi na mbili. Paskali alicheka. "Hata tano hafikishi huyo." Wakaniapisha haki ya Mungu kwamba nitatangaza bila upendeleo, nami nikaapa.

Siku ya kwanza raundi tano zilikwisha Shingo akiwa anaongoza. Siku ya pili yule wa zamani alikwenda chini mara moja, Damiano akahesabu mpaka saba, bingwa wake akainuka. Sijawahi kuogopa mdomo wangu kama siku zile. Kila nilipofungua kinywa fimbo zao zilipunguza kasi, na nilijua kwamba neno nitakalolitoa ni la kumhamisha mtu nyumbani. Nilijaribu kuwa mkweli, wallahi nilijaribu. Lakini ukweli ulikuwa wazi: Shingo alikuwa anashinda. Ngumi za Aako nilikuwa nimezimaliza zote, na Paskali bado alikuwa nazo tele.

Siku ya tatu, Jumamosi, upepo ulikuwa mkali na vumbi lilitufunika. Damiano alikuwa anapiga fimbo moja, anapumzika, anapiga moja, anapumzika, na ule mluzi wa kifuani niliusikia kupita kelele za maharage. Damiano ndiye aliyenisaidia kubeba maji. Damiano ndiye aliyenifundisha kugawanya kwa tarakimu mbili. Paskali alikuwa kaka mzuri tu, wala hakuwa na ubaya wowote, lakini niseme wazi: nilimpenda Damiano zaidi. Raundi ya kumi na nne Shingo alimsukuma mwenzake mpaka kwenye kamba, amemfungia kila njia, na mimi nikasikia sauti yangu ikitangaza, "Anarudi nyuma, anarudi nyuma, na huku anarudi anainua mkono wa kulia kutoka chini kiunoni, unatua chini ya sikio! Shingo yuko chini! Loh, Shingo yuko chini!"

Fimbo ya Paskali ikasimama hewani. "Hiyo umeitoa wapi?"

"Kwa Aako."

"Lini?"

"Jana. Nilipompelekea uji."

Alitupa fimbo akaenda. Tukamfuata. Aako alikuwa karibu na zizi akichonga mpini wa jembe. Paskali alisimama mbele yake, akamwamkia kwa heshima kama kawaida, akauliza, "Aako, bingwa wako aliwahi kupiga ngumi huku anarudi nyuma, mtu akalala?" Nyumba nzima ilijua tunachopigania. Aako aliacha kuchonga. Alinitazama mimi, nami nikatazama chini. Alimtazama Damiano aliyekuwa ameshika mbavu akitafuta pumzi. Kisha akamtazama Paskali kwa muda mrefu sana.

"Aliipiga," akasema. "Niliisikia kwa masikio yangu."

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Ilitosha."

Paskali hakubisha. Alirudi kwenye turubai, akapiga goti moja, akahesabu moja mpaka kumi bila kuharakisha wala kuvuta. Baba aliporudi akauliza, "Nani?" Paskali akasema, "Mimi." Jumatatu aliondoka na shuka na fimbo. Jioni hiyo nilipompelekea Aako uji aliupokea bila kunitazama. "Usinitumie hivyo tena," akasema. Mpaka anakufa hakusimulia tena pambano lolote, na wajukuu waliozaliwa baadaye hawakujua kama babu yao alikuwa mtu wa masumbwi.

Mvua ilinyesha, lakini Paskali hakurudi. Rafiki wa baba aliugua, ng'ombe wakaongezeka, mwaka ukawa miaka mitatu, na mtihani ukampita moja kwa moja. Leo ni mfanyabiashara wa mifugo kule Wasso, ana mke na watoto wanne, wala si mtu wa kuonewa huruma. Damiano anaendesha gari la watalii linaloshuka kreta. Mimi ni mwalimu, nafundisha darasa la saba, na kila mwaka siku ya mtihani namwona kila mvulana wa miaka kumi na mitano anavyochonga penseli yake. Watoto wa siku hizi nao wanawapambanisha mabingwa wa enzi tofauti, ila ndani ya simu. Mashine inahesabu nguvu na kasi, inatoa jibu, wanacheka, wanaanza upya. Hakuna shahidi anayehitajika, maana kila kitu kimerekodiwa. Hakuna anayekwenda popote.

Krismasi iliyopita Paskali alikuja Kansay na basi, amechoka, vumbi mpaka kwenye kope. Baada ya chakula aliniita nyuma ya nyumba, akatoa simu yake, akaishika tu bila kuiwasha.

"Vero," akasema, "mapambano ya bingwa wa babu yamo humu. Nimeyatazama yote, mwaka mzima, moja baada ya jingine. Ile ngumi haimo."

Nilitaka kusema labda hawakurekodi yote. Miaka yote hiyo nilikuwa nimejiandalia jibu hilo.

"Niliitunga mimi," nikasema.

"Hilo nilishajua. Wewe ulikuwa mtoto. Babu alikuwa mtu mzima. Nilikuwa nimewakosea nini?"

"Hukutukosea kitu, kaka. Dami alikuwa hapumui. Na mimi nilimpenda yeye zaidi."

Aliirudisha simu mfukoni, akajifuta vumbi usoni kwa kiganja.

"Basi mngeniambia hivyo," akasema. "Ningekwenda tu."