Baiskeli Yenye Kikapu

Jumanne, tarehe tisa Juni. Mawingu tangu alfajiri, manyunyu ya kuja na kuondoka, baridi ya kuingia mifupani.

Asubuhi hiyo mfungaji vitabu wa kiwanda cha uchapaji, ambaye wenzake walimwita Kipimo kwa sababu hakati karatasi bila kupima mara mbili, alisimama akizitazama baiskeli mbili zilizoegemea ukuta. Moja ni yake, nyeusi, ndefu, yenye bomba la juu. Nyingine ya mkewe, ya zambarau, imeinama katikati ili mwenye gauni apande bila taabu, na kikapu mbele. Goti la kulia la Kipimo lilikuwa limevimba. Mguu haukuvuka bomba tena.

"Baba Watoto, chagua," mkewe alisema akifunga kamba za viatu. "Au unasubiri zikuchague wewe?"

"Na wewe utakwenda na nini?"

"Miguu ninayo. Kwenye cherehani yangu si mbali kama kwako."

Kipimo alipanda ya zambarau, wiki ya pili sasa. Lakini kila akikaribia kazini aliteremka, akapita uchochoro wa nyuma, akaiegemeza kwenye banda la mabaki ya karatasi, kisha akaingia kwa lango kuu kama mtu aliyeshuka basi.

Kabla ya mchana mwendesha mashine alirudi kutoka bandani akicheka.

"Jamani, kuna baiskeli ya kikapu huko nyuma. Nani kaja kazini na bibi harusi? Kipimo, ya nani ile?"

Kipimo hakuinua uso kwenye gundi. "Sijui. Labda ya yule mama anayefagia."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Kipimo iliishia mlangoni. Mkewe alikuwa amesimama pale, mabega yamelowa, mkononi ana miwani ambayo mumewe aliisahau nyumbani.

"Hodi. Habari za kazi?"

"Nzuri, shemeji. Karibu," mwendesha mashine alijibu.

Mke aliiweka miwani kando ya kopo la gundi bila kumtazama mwenyewe. "Sikai. Ila hiyo baiskeli huko nje, mwambieni huyo mama aitoe kwenye mvua. Kiti chake kikinywa maji hakikauki."

Akaondoka kwa miguu.

Kipimo alivaa miwani yake na bado akakata jalada ndani ya mstari, likaharibika. Masikio yalimwaka. Angegombezwa, angepata la kujibu. Lakini yule aliyekanwa ndiye aliyemsitiri mbele za watu, na hilo halikumezeka.

Jioni alijaribu. "Mama Watoto, pale kazini nilikosea."

"Ulikosea nini? Mimi nilileta miwani tu. Kula, chakula kinapoa."

Alikula akitazama sahani.

Kesho yake alfajiri aliomba baiskeli kwa mdomo wake, mkewe akamwitikia kwa kichwa tu. Akapita nayo lango kuu, akaisimamisha katikati ya nyingine.

"Leo umeazima ya mama mfagiaji?" mwendesha mashine aliuliza.

"Ya mke wangu. Hata jana ilikuwa ya mke wangu, na nilijua."

Mwenzake alianza kucheka, akaacha. Kipimo akaenda hadi kwa mama mfagiaji, akamwomba radhi.

"Radhi ya nini, baba?" mama aliuliza, ufagio mkononi, maana hakuwa amesikia lolote.

Ikambidi aeleze yote tangu mwanzo.